Vinara wa takwimu wa Big East msimu wa 2008/09: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wapenzi wengi wa kikapu hapa kwetu walianza kufuatilia mpira wa vyuo vya Marekani kwa sababu ya mtu mmoja, Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechezea chuo cha Connecticut. Miaka imepita, ila kila mada ya vinara wa takwimu ikiibuka, mazungumzo hurudi kwenye msimu wake wa mwisho chuoni, na maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine jibu lake ni sentensi mbili, mengine yanataka tukae chini kidogo. Msimamo wangu nautoa mapema: jedwali la vinara ni kitu cha kuheshimu, lakini linamsaidia tu mtu anayejua namba zile zilipatikanaje na mbele ya nani.

Big East ni nini, na kwa nini msimu huo?

Vyuo vya Marekani vya ngazi ya juu hujigawa katika umoja wa kudumu unaoitwa konferensi. Kila konferensi ina ratiba yake, bingwa wake, tuzo zake na vinara wake wa takwimu. Big East ilianzishwa mwaka 1979 na vyuo vya upande wa mashariki ya nchi, na kuanzia 2005 ilikuwa na timu 16. Msimu wa 2008/09 kila timu ilicheza mechi 18 za konferensi.

Ulikuwa msimu mzito ajabu. Louisville walimaliza kileleni wakiwa wameshinda mechi 16 na kupoteza mbili. Pittsburgh na Connecticut, ambao wengi tunawaita UConn, walifuata wakiwa wameshinda 15 na kupoteza tatu kila mmoja. Mashindano ya taifa yalipopangwa, kati ya nafasi nne za juu kabisa, tatu zilichukuliwa na hao watatu. Timu nne za Big East zilifika robo fainali, na mbili, UConn na Villanova, zikaingia nusu fainali. Ndiyo maana nauchukua msimu huu kama mfano: aliyeongoza kipengele chochote pale, alikiongoza mbele ya wanaume.

Kinara hupatikana kwa jumla au kwa wastani?

Kwa wastani wa kila mechi, katika vipengele vikubwa vyote: pointi, ribaundi (kuudaka mpira baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi inayozaa kikapu), mipira iliyoporwa na bloku (kuuzuia mtupo wa mpinzani). Timu hazichezi idadi sawa ya mechi. UConn walicheza 36 msimu ule kwa sababu walifika mbali. Aliyetolewa mapema alicheza chache zaidi. Ukitumia jumla, unampa mchezaji mmoja sifa ambayo kwa kweli ni ya timu yake kusonga mbele.

Kuna sharti la kuzuia watu wa mechi chache. Katika orodha za taifa, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hutaka mchezaji awe amecheza angalau robo tatu ya mechi za timu yake. Bila hilo, kijana aliyecheza mechi tatu tu, akafunga 30 katika kila mechi kisha akaumia goti, angekaa juu ya orodha mpaka Aprili.

Na kwenye asilimia za mitupo?

Hapo sharti ni kali zaidi, kwa sababu asilimia hudanganya haraka. Mtu akirusha mara mbili na zote zikaingia, ana asilimia 100. Kwa hiyo NCAA huweka kima cha chini cha mitupo iliyoingia: wastani wa mitano kwa mechi kwa mitupo ya kawaida, na miwili na nusu kwa mechi kwa mitupo huru. Ukiona senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kapu, mwenye asilimia ya juu sana halafu jina lake halipo kwenye orodha, usiseme kaonewa. Angalia kwanza amefunga mara ngapi.

Kwa nini tovuti moja inaonyesha namba hizi na nyingine namba zile?

Kwa sababu kuna majedwali mawili, na watu huyachanganya kila siku. La kwanza linachukua mechi zote za msimu: zile za Novemba na Desemba dhidi ya vyuo vya nje ya konferensi, za konferensi, za mashindano ya konferensi ya Machi, na za mashindano ya taifa. La pili linachukua mechi 18 za konferensi peke yake. Mchezaji anaweza kuongoza jedwali moja akakosa jingine, na pande zote mbili zikawa sahihi.

Binafsi naliamini zaidi la pili ninapotaka kulinganisha wachezaji wa konferensi moja. Mwezi Novemba timu kubwa hualika vyuo vidogo nyumbani kwao, na namba za wiki hizo hunona. Kuanzia Januari kila mtu anakutana na walewale, ugenini na nyumbani. Hata hivyo wastani unaotajwa na watu wengi, na ndio nitakaoutumia hapa, ni wa mechi zote.

Nani aliongoza kwa pointi?

Luke Harangody wa Notre Dame, kwa wastani wa pointi 23.3. Alifuatwa kwa karibu na Jeremy Hazell wa Seton Hall aliyekuwa na 22.7. Jerel McNeal wa Marquette alimaliza na 19.8.

Harangody alikuwa fowadi wa takribani sentimita 203, mwili mnene, haruki sana, na mtupo wake haukuwa wa kupendeza machoni. Alifunga kwa kutumia nafasi: bega, hatua moja, mpira juu ya mikono ya mtu kabla hajajipanga. Ukiongeza ribaundi zake 11.8 kwa mechi, unapata mtu aliyeibeba timu mgongoni msimu mzima. Kitaifa, kinara wa pointi mwaka ule alikuwa Stephen Curry wa Davidson kwa 28.6, ila yeye alicheza konferensi nyingine, Southern.

Kama Harangody aliongoza kwa pointi, mbona hakuwa mchezaji bora?

Hili huulizwa kwa hasira, na naelewa kwa nini. Mwaka mmoja nyuma, 2008, tuzo ya mchezaji bora wa Big East alipewa yeye. Mwaka 2009 namba zake zikapanda, halafu tuzo ikaenda kwa wawili kwa pamoja: DeJuan Blair wa Pittsburgh na Hasheem Thabeet wa UConn.

Sababu iko kwenye msimamo. Notre Dame walishinda mechi nane tu za konferensi na kupoteza kumi. Wapiga kura wa tuzo hutazama namba, lakini hutazama pia namba hizo zilinunua nini. Pittsburgh na UConn walikuwa wakipishana katika nafasi za juu za nchi, na kila mmoja alijengwa kuzunguka mtu wake wa katikati. Naona walipiga kura sawa. Kuongoza takwimu ni ukweli wa hesabu. Kuwa mchezaji bora ni hukumu ya watu, na viwili hivyo havilazimiki kukubaliana.

Ribaundi je?

Blair, kwa wastani wa 12.3, juu kidogo ya Harangody. Thabeet alikuwa na 10.8. Kinara wa taifa zima alikuwa Blake Griffin wa Oklahoma kwa 14.4.

Blair ni mtu wa kutazamwa kwa makini na kila kijana anayedhani ribaundi ni urefu. Aliandikishwa kuwa na takribani sentimita 201, kimo kifupi kwa nafasi yake, na magoti yake yote mawili yalikosa mishipa ile ya ndani ambayo wachezaji wengine wakiikata hukaa nje mwaka mzima. Alichokuwa nacho ni makalio, mikono mirefu na akili ya kujua mpira utaangukia wapi. Alisifika zaidi kwa ribaundi za upande wa kushambulia, zile zinazoipa timu yake nafasi ya pili ya kufunga.

Tarehe 16 Februari 2009 Pittsburgh walikwenda Hartford kucheza na UConn, waliokuwa namba moja nchini. Siku hiyo Thabeet alikuwa akitimiza miaka 22. Blair alifunga 22, akakusanya ribaundi 23, na katika kugombea mpira mmoja alimvuta Thabeet, mtu wa sentimita 221, akampindua juu ya bega hadi sakafuni. Thabeet aliondoka na pointi tano na ribaundi nne. Pittsburgh walishinda 76 kwa 68. Ukitaka kuelewa kwa nini wapiga kura hawakuweza kumtenga Blair, mechi hiyo inatosha.

Nani aliongoza kwa asisti?

Levance Fields, pointi gadi wa Pittsburgh huyo huyo, kwa wastani wa 7.5. Jonny Flynn wa Syracuse alikuwa na 6.7.

Jambo moja kwa wanaocheza ligi za hapa kwetu chini ya kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: hesabu za asisti hazifanani. FIBA humpa asisti aliyetoa pasi hata kama mpokeaji alifanyiwa faulo wakati wa kutupa, mradi aingize angalau mtupo huru mmoja. Katika vyuo vya Marekani pasi hiyo haihesabiwi kitu. Kwa hiyo usiweke asisti za ligi ya mkoa kando ya za Fields ukadhani unalinganisha kitu kimoja. Tena asisti ina hukumu ndani yake, maana mwandishi wa takwimu ndiye anayeamua kama pasi ilizaa kikapu moja kwa moja au mfungaji alijitafutia mwenyewe.

Na bloku? Ni kweli Thabeet aliongoza?

Ni kweli, na kwa mbali. Msimu wa 2008/09 alizuia mitupo 152 katika mechi 36, wastani wa 4.2. Msimu uliotangulia alikuwa ameongoza pia, kwa 147 katika mechi 33, wastani wa karibu 4.5. Alipoingia mwaka wa kwanza, 2006/07, alikuwa na 3.8. Misimu yote miwili, 2008 na 2009, alichaguliwa mlinzi bora wa Big East.

Ikumbukwe alikotoka. Alizaliwa Dar es Salaam, akasoma Makongo, akaanza kushika mpira wa kikapu akiwa na umri ambao wenzake wa Marekani tayari wana miaka kadhaa ya mashindano. Alimalizia sekondari Houston, kisha akaenda Connecticut kwa kocha Jim Calhoun. Ilikuwa bahati ya kukutana mahali pazuri, kwa sababu UConn walikuwa na desturi ya kulinda kwa bloku: walinzi wa pembeni wanambana mtu kwa ujasiri, wakijua akiwapita atamkuta mrefu anamsubiri.

Mechi yake ya kukumbukwa kitakwimu ni ya tarehe 31 Januari 2009 dhidi ya Providence: pointi 15, ribaundi 11, bloku 10. Tripo-dabo (kufikisha kumi au zaidi katika vipengele vitatu) yenye bloku ndani yake ni nadra mno. Pointi kumi mtu anaweza kuzipata kwa bahati ya mitupo huru. Bloku kumi maana yake wapinzani wameendelea kuingia ndani mara baada ya mara na kila safari wamekuta mkono.

Bloku huhesabiwaje hasa?

Mlinzi lazima auguse mpira uliotupwa kufunga, na mtupo huo usiingie. Akiugusa ukaingia, hakuna bloku. Akiugusa wakati umeshaanza kushuka kuelekea kapuni, ni kosa, kikapu kinahesabiwa, na bloku haipo. Akimgonga mtu mkono, ni faulo.

Kwa mtupaji, mtupo uliozuiwa huandikwa kama mtupo uliokosa, kwa hiyo senta mzuri hushusha asilimia ya timu pinzani mara moja. Na baada ya bloku lazima ribaundi iandikwe kwa mtu fulani au kwa timu. Hapa ndipo penye siri ya walinzi wazuri: anayeupiga mpira ukaenda jukwaani anashangiliwa, lakini mpira unarudi kwa wapinzani. Anayeuelekeza taratibu kwa mwenzake ameipa timu umiliki. Kwenye karatasi wote wawili wana bloku moja.

Kwa hiyo aliongoza Marekani nzima?

Hapana, na ni vizuri tuseme hivyo bila kuona haya. Mwaka 2008/09 kinara wa taifa alikuwa Jarvis Varnado wa Mississippi State kwa wastani wa 4.7. Varnado alicheza konferensi ya SEC. Thabeet alikuwa kinara wa Big East, na hilo ni kubwa lenyewe; haliongezeki thamani kwa kulitia chumvi.

Anasimama wapi katika historia ya Big East?

Pazuri sana. Kwa miaka mitatu UConn alifikisha bloku 417. Katika chuo chake yuko nyuma ya Emeka Okafor pekee, aliyefikisha 441, naye kwa miaka mitatu. Mbele yao wapo wawili wa Georgetown: Alonzo Mourning mwenye 453 na Patrick Ewing mwenye 493, ambao walicheza miaka minne kila mmoja. Ukiwatazama hivyo, kijana wa Makongo amekaa meza moja na watu wanaotajwa wakati wowote wanapozungumziwa masenta wakubwa wa vyuo.

Tahadhari kuhusu Ewing: NCAA ilianza kuweka bloku kama takwimu rasmi ya mchezaji msimu wa 1985/86, na Ewing alimaliza chuo 1985. Ndiyo maana orodha za rekodi za taifa hazimweki mahali ambapo mashabiki wa Georgetown wanamweka. Msimu huo wa kwanza rasmi aliyeongoza ni David Robinson wa Navy, kwa bloku 207, na hakuna aliyezifikia kwa msimu mmoja mpaka leo.

Dakika za nyongeza zinahesabiwa?

Zinahesabiwa zote. Tarehe 12 Machi 2009, katika robo fainali ya mashindano ya konferensi pale Madison Square Garden, Syracuse na UConn walikwenda nyongeza mara sita. Mchezo ulikwisha saa saba na dakika 22 usiku, Syracuse wakishinda 127 kwa 117. Mechi ya kawaida ina dakika 40. Hii ilikuwa na 70, na Jonny Flynn alicheza 67 kati ya hizo na kufunga pointi 34. Zote ziliingia kwenye wastani wake wa msimu kama mechi moja.

Lakini kumbuka yale majedwali mawili: kwa kuwa ilikuwa mechi ya mashindano ya Machi, haikugusa kabisa jedwali la mechi 18 za konferensi.

Ni kitu gani jedwali halionyeshi?

Mitupo ambayo haikutupwa. Nikitazama tena mechi za UConn za mwaka ule, namtazama gadi wa timu pinzani: anampita mtu wake, anaingia, anainua macho, anamwona Thabeet, anageuka na kurudisha mpira nje. Hakuna bloku, hakuna ribaundi, hakuna chochote kwenye karatasi. Mara nyingine anatupa, lakini anaupandisha mpira juu mno kuukwepa ule mkono, nao unagonga ubao vibaya. Karatasi itasema tu kwamba fulani amekosa. Nina hakika kazi kubwa zaidi ya Thabeet ilikuwa humo, na ndiyo sababu naona wapiga kura walimtendea haki kumweka sawa na Blair, ingawa pointi zake 13.6 zilikuwa chini ya zile 15.7 za mwenzake na mbali kabisa na za Harangody.

Kuongoza takwimu chuoni kunatabiri mafanikio ya NBA?

Kidogo sana. Kwenye drafti ya 2009, ambapo klabu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, nyuma ya Griffin, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. James Harden alikuwa wa tatu. Flynn alikwenda wa sita, Curry wa saba. Blair, pamoja na ribaundi zote zile, alisubiri hadi namba 37 kwa sababu klabu ziliogopa magoti yake, kisha akaisaidia San Antonio tangu mwaka wa kwanza. Harangody alichaguliwa namba 52 mwaka 2010 na Boston.

Msimu wake wa kwanza Thabeet alipata dakika 13 kwa mechi na bloku 1.3. Watu husema alishindwa, halafu wanaishia hapo. Mimi hutazama kanuni kwanza. Chuoni mlinzi anaweza kusimama chini ya kapu muda anaotaka. NBA ina kanuni ya sekunde tatu kwa mlinzi: asipokuwa karibu na mtu anayemlinda, lazima atoke eneo lile. Silaha kubwa ya Thabeet ilikuwa kukaa pale na kusubiri. Ongeza masenta wanaotupa kutoka mbali na kumvuta nje, na mchezaji aliyeanza kikapu akiwa amechelewa hivyo, utaona kwamba aliyepelekwa Memphis alitakiwa kujifunza kazi mpya kabisa akiwa na dakika 13 za kujifunzia.

Rekodi hizi bado ni za Big East, maana konferensi ilivunjika?

Mwaka 2013 iligawanyika. Vyuo saba vya Kikatoliki viliondoka na jina la Big East, UConn wakabaki upande uliopewa jina la American, kisha wakarejea Big East mwaka 2020. Namba za 2008/09 zinahesabiwa kuwa za Big East kama zilivyoandikwa wakati huo.